Dawa ya Upepo ni Upepo

Kioo kirefu cha mbele cha pikipiki, kile cha kukinga upepo, kimepewa sifa kisizostahili. Lalamika mbele ya waendeshaji wenzako kwamba upepo unakumaliza safarini, na ushauri wa kwanza utakuwa huo: tafuta kioo kirefu zaidi. Mtu ananunua, anafunga, anaingia barabarani na matumaini yake yote, na akigusa kilomita 90 kwa saa helmeti inaanza kutikisika kuliko ilivyokuwa. Mistari ya barabara inaonekana miwili miwili, shingo inakaza, na usiku akilala masikio bado yanavuma. Akirudi kulalamika anaambiwa kioo hakikuwa kirefu vya kutosha.

Nimeishi na tatizo hili muda mrefu. Nimekata vioo, nimevitoboa, nimevilaza na kuvisimamisha, na msimamo wangu siku hizi ni huu: upepo mtupu mtu anauzoea, upepo uliovunjika hauzoeleki. Na mara nyingi aliyeuvunja ni hicho hicho kioo tulichokiweka kitukinge.

Kama unaona natia chumvi, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari, mchana, hewa ikiwa imetulia. Shika mwendo mmoja, halafu inuka taratibu kwenye vikanyagio mpaka kichwa kipite juu ya mkondo unaoruka kutoka ukingo wa kioo. Utasikia badiliko hilo waziwazi. Ule mngurumo mzito ndani ya helmeti unakatika, unabaki mvumo mmoja mwembamba, ulionyooka. Kifuani upepo unakusukuma zaidi, lakini kichwa kimetulia. Sasa keti, jikunje mpaka kidevu kikaribie tangi. Utulivu tena. Kwa hiyo kuna sehemu mbili zenye hewa safi, ya juu na ya chini, na kati yake kuna tabaka la fujo. Wengi wetu, kwa kimo cha kioo, kiti na mgongo tulivyojaliwa, kichwa chetu kimekaa katikati kabisa ya tabaka hilo.

Fujo yenyewe inatoka wapi? Hewa hufanya kama maji ya mto yanapokutana na jiwe lenye ukingo mkali: hayawezi kukunja kona ghafla yakajaza nyuma yake. Yanaachana na ukingo, na nyuma ya jiwe panabaki mahali ambapo maji yanazunguka tu, mengine yakirudi yalikotoka. Mbele ya kioo hewa imegandamizwa, nyuma yake mgandamizo umeshuka, na pale ukingoni mikondo miwili yenye kasi tofauti inasuguana na kuzaa visulisuli, kimoja baada ya kingine, vyote vikielekea kwenye helmeti yako.

Mwanafizikia Vincenc Strouhal alichunguza jambo la jamii hii mwaka 1878, akipima nyaya zinazoimba kwenye upepo. Aligundua kwamba idadi ya mitikisiko ya mlio kwa sekunde inafuata kasi ya upepo na unene wa waya. Kanuni iliyobaki na jina lake ni rahisi: kwa vizuizi vingi butu, chukua kasi ya upepo, zidisha kwa 0.2, gawa kwa upana wa kizuizi, utapata kwa kukadiria idadi ya visulisuli vinavyoondoka kila sekunde. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde. Kizuizi chenye upana wa sentimita 40 kitatoa visulisuli kama 14 kwa sekunde. Kioo kilichopinda hakifuati hesabu hiyo sawasawa, ila inaonyesha kwa nini mtikisiko huu unausikia zaidi kwa shingo kuliko kwa sikio, kwani sikio la binadamu huanza kusikia sauti kwenye mitikisiko kama 20 kwa sekunde. Chini ya hapo ni kichwa kugongwa tu.

Sisemi kioo kitupwe. Kwenye kilomita 100 kwa saa, kila mita ya mraba iliyosimama wima inasukumwa na upepo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 47. Kifua, mabega na mikono ya mtu aliyeketi wima havifiki nusu ya eneo hilo, lakini bado ni mzigo wa kilo 18 au 20 unaoubeba kwa mikono na tumbo saa nzima. Mwendo ukipungua hadi 50, mzigo unashuka hadi robo yake, kwa sababu nguvu hii hupanda kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana anayezunguka mjini haelewi tunalalamikia nini. Kioo kina kazi ya kweli: kubeba sehemu ya mzigo huo. Ugomvi wangu na kioo ni jinsi kinavyoiacha hewa ikishamaliza kuibeba.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitazami, yaani ule uwazi ulioko nyuma ya kioo. Kioo kipana, kirefu, kilichobanwa mpaka chini bila mwanya, huacha nyuma yake eneo lenye hewa kidogo, na hewa haikubali hali hiyo. Itaingia kwa njia yoyote: itapanda kutoka chini kupitia katikati ya shokapu za mbele, itapenya chini ya mikono, itakunja kutoka juu na kurudi kifuani. Dalili zake zinajulikana ukizitafuta. Unahisi kama mtu anakusukuma mgongoni kuelekea usukani. Jaketi linavimba nyuma. Mvua ikinyesha, angalia upande wa ndani wa kioo, ule unaokutazama: ukiona matone yanatua huko na kupanda juu badala ya kuteremka, hewa yako inarudi nyuma-mbele, na kioo kimekuwa mtego.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa dawa ya upepo ni upepo. Ruhusu hewa kidogo, kwa mpango, iingie chini ya kioo na kupanda nyuma yake. Uwazi unajazwa, tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma inapungua, na lile tabaka la juu linatulia kwa sababu mikondo miwili inayokutana ukingoni haitofautiani tena sana kwa kasi. Unapoteza kinga kidogo kifuani, unapata kichwa kilichotulia. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri, na kwenye joto ni faida mara mbili.

Hata viwanda vilifika hapo kwa njia ndefu. Moto Guzzi walijenga handaki la upepo, yaani chumba cha kupuliza hewa na kutazama inavyopita, huko Mandello del Lario, Italia, mwaka 1950, lenye nafasi ya pikipiki nzima na dereva wake, lakini shabaha ilikuwa mashindano. Maganda ya mashindano ya miaka ile, yaani mifuniko ya mbele ya pikipiki, yalifunika hata gurudumu la mbele. Yalikwenda kasi, ila upepo wa ubavuni uliyayumbisha vibaya, na FIM, shirikisho la kimataifa la mashindano ya pikipiki, likayapiga marufuku baada ya msimu wa 1957. Starehe ya mwendeshaji wa kawaida ilikuja baadaye. Mwaka 1976 BMW walitoa R100RS, ganda lake likiwa limechorwa chini ya mbunifu Hans Muth na kupimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina, kampuni ya ubunifu ya Italia, na dereva anayekwenda mbali akafikiriwa tangu mwanzo. Halafu tazama Harley-Davidson: kwenye matoleo ya 2014 ya pikipiki zao za safari waliweka tundu la hewa mbele ya ganda, chini ya kioo, wakaliita Splitstream, kazi yake kupunguza mtikisiko wa kichwa. Kampuni yenye maabara na fedha zote zile, na jibu lake likawa kutoboa. Nilipoliona nilicheka peke yangu, maana ndilo ambalo mafundi wa vichochoroni wamekuwa wakilifanya kwa msumeno.

Sasa, kabla ya kushika chombo chochote, jua kwanza hewa yako inapita wapi. Zana bora niliyowahi kutumia ni nyuzi za sufu. Kata vipande vya urefu wa kidole, uvibandike kwa utepe ncha moja, kwa safu, upande wa nje na wa ndani wa kioo, ubavuni mwa tangi, hata mabegani mwa jaketi. Weka kamera ndogo nyuma yako au umwombe mwenzako aendeshe sambamba, achukue video. Ukitazama picha, uzi uliolala umenyooka unamaanisha hewa safi. Uzi unaocheza ovyo ni fujo. Uzi unaoelekea mbele, kinyume na safari, ni hewa inayorudi.

Kwenye pikipiki yangu nyuzi zilifichua kitu nisichokitarajia. Zile za ukingo wa juu zilikuwa zinacheza, sawa, hilo kila mtu angelibashiri. Lakini zile za chini, karibu na dashibodi, zilisimama wima kama zimevutwa, na za ndani ya kioo zote zilielekea juu na mbele. Hewa nyingi iliyokuwa inanipiga kidevuni ilikuwa inapanda kutoka chini, ikipita kati ya shokapu na juu ya tangi. Kioo kirefu kingefanya nini hapo? Kingeongeza uwazi tu, na uwazi ungevuta hewa zaidi kutoka huko huko chini.

Basi kazi ilianzia chini. Kipande cha plastiki laini kilichofungwa kati ya shokapu, chini ya taa, kilipunguza mkondo ule kwa kiasi cha kushangaza. Ukijaribu hili, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, bonyeza shokapu chini kwa uzito wako wote, na uhakikishe hakuna kinachogusa waya, bomba la breki wala tairi. Usizibe pia njia ya hewa ya rejeta au ya injini. Injini iliyopozwa kwa hewa inautaka upepo huo kuliko wewe unavyouchukia.

Hatua iliyofuata ilikuwa vipande vya kusogezea kioo na bolti ndefu. Kabla ya kukata chochote, jaribu kusogeza kioo. Ukiweka vipande vya nailoni vya kusogezea kwenye bolti za chini peke yake, chini ya kioo kunakwenda mbele na juu kunalala kuelekea kwako. Ukiviweka kwenye bolti za juu peke yake, kioo kinasimama wima zaidi. Ukiviweka zote, kioo kizima kinasogea mbele na chini yake unapatikana mwanya, ndio ule mlango wa hewa tunaoutafuta. Mwanya wa sentimita mbili hadi tatu unatosha kuleta tofauti unayoisikia siku hiyo hiyo. Bolti iongezwe urefu kulingana na kipande ulichoweka, isibaki imeshika nati kwa uzi mmoja wala miwili.

Kioo kilichosimama wima hurusha hewa juu zaidi, lakini huacha uwazi mkubwa nyuma. Kilicholala huiacha hewa iteleze kwa utulivu, ila hurusha chini. Umbali nao una neno lake: tabaka la fujo huzaliwa jembamba pale ukingoni na kunenepa kadiri linavyosafiri, hivyo kioo kilichoko mbali na uso hukuletea tabaka nene, na kilichoko karibu hukuletea jembamba unaloweza kulikwepa. Hii ndiyo sababu kioo kile kile kinasifiwa na mtu mfupi na kutukanwa na mtu mrefu kwenye pikipiki za aina moja. Hata kiti kikibonyea kwa uzee, sentimita mbili zilizopotea ni sawa na kioo kuongezeka sentimita mbili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, pita barabara ile ile, na usijaribu siku ya upepo mkali kisha ukaamini ulichosikia.

Ukitaka kujua kama unahitaji kimo zaidi au pungufu, boksi gumu la karatasi na utepe imara vitakujibu kabla hujatumia fedha. Kata kipande, ubandike juu ya kioo kwa utepe mwingi, nenda mwendo wa wastani, sikiliza. Kisha punguza kidogo kidogo kwa mkasi. Tahadhari moja: kipande hakionyeshi upande wa pili, kwa hiyo kisifike kwenye mstari wa macho yako.

Na hapa ndipo nasimama tofauti na ushauri wa kijiweni. Kama tabaka la fujo linagonga paji la helmeti, una njia mbili za kutoka: lipandishe lipite juu ya kichwa, au lishushe lipige mabega. Njia ya pili watu hawaifikirii kwa sababu inaonekana kama kurudi nyuma. Mabega hayana masikio. Mimi nilikata. Kioo kifupi, mwanya chini, mkondo unapita chini ya kidevu, helmeti iko kwenye hewa safi. Upepo wa kifuani umerudi kidogo, na huo unautegemea: ni msukumo mmoja usiobadilika ambao mwili unauegemea na kuusahau.

Kukata kioo ni kazi ya jioni nzima, si ya kuharakisha. Kwanza jua una plastiki gani. Vioo vingi ni vya akriliki au polikaboneti. Akriliki ni ngumu, inang'aa, haikwaruziki haraka, lakini ikichokozwa inapasuka. Polikaboneti inapinda bila kuvunjika, ndiyo hiyo ya ngao za polisi wa kuzuia ghasia, ila inakwaruzika upesi isipokuwa imepakwa tabaka gumu juu. Njia ya kuzitofautisha ni tupa: pitisha tupa ndogo kwenye ukingo wa chini usioonekana. Akriliki itatoa unga na chembe kavu. Polikaboneti itatoa nyuzi ndefu zinazojikunja.

Funika pande zote mbili kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, chora mstari wako kwenye utepe, pima kutoka katikati kwenda pande zote, kisha pima tena kwa sababu jicho linadanganywa na mpindo. Kibane kioo juu ya mbao, ubao chini na ubao juu, karibu na mstari, kisicheze. Msumeno wa umeme wenye meno madogo, mwendo wa chini. Ukiukimbiza, akriliki inayeyuka na kujiunga tena nyuma ya msumeno. Unageuka kutazama ulichokata, unakuta kimeungana. Acha milimita mbili au tatu nje ya mstari, kisha umalize kwa tupa na msasa: namba 120, 240, 400, halafu 800 pamoja na maji. Ukingo uwe wa mviringo, laini kiasi cha kupitisha kidole bila kusita, na kila pembe iwe ya duara. Ufa huanzia kwenye pembe kali, na mtikisiko wa injini ndio huusukuma uendelee. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kutoboa dirisha la hewa katikati, anza kwa kutoboa matundu ya duara kwenye miisho yake kwa keekee, ndipo ukate kati ya tundu na tundu.

Biti ya kawaida ya chuma ina tabia ya kuuma akriliki na kuivuta juu ghafla inapotokea upande wa pili, na sauti ya kioo kupasuka wakati huo hutaisahau. Tumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia, polepole, na ubao nyuma. Tundu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita mbili hivi, ndani yake ukae mpira. Plastiki hizi hutanuka na joto: kioo cha sentimita 50 kikipashwa nyuzi 40 zaidi kinaongezeka zaidi ya milimita moja, na kama bolti imekibana bila nafasi, ongezeko hilo litageuka nyufa zinazoizunguka bolti. Kaza kwa vidole, ongeza robo mzunguko, basi. Wengine hutumia bolti za nailoni makusudi, zikatike pikipiki ikianguka na kioo kijiachie kabla hakijamkata mtu.

Kemikali nazo zina mambo yake. Gundi ya kuzuia nati zisilegee ikidondokea polikaboneti inaweza kuipasua siku chache baadaye bila kuguswa. Petroli nayo inaishambulia. Dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia ziweke mbali, na spiriti usiipitishe kwenye akriliki uliyoikata karibuni. Maji, sabuni laini, kitambaa laini. Wadudu waliokaukia, walaze chini ya taulo lililolowa wakati unafanya mambo mengine, watatoka wenyewe.

Dirisha la hewa likitobolewa, liwekwe chini, pale ambapo hewa imegandamizwa zaidi, na lielekezwe juu kwa kijiko cha plastiki kilichopinda nyuma yake. Tundu linalotazama kifua moja kwa moja ni upepo wa kifuani tu. Linalotazama juu, kando ya uso wa ndani wa kioo, ndilo linalojaza uwazi.

Wasiotaka kukata wanaweza kufunga kioo kidogo cha pili juu ya kile kikubwa, chenye mwanya kati yao na egemeo la kurekebisha pembe. Kampuni za MRA na Givi zinavitengeneza, na nyingine pia. Navipenda kwa sababu mwanya ule unafanya kazi ile ile ya kupitisha hewa, na unaweza kubadili pembe bila spana. Ukingo wa juu uliopinda kuelekea mbele nao ni mzuri: unarusha hewa juu kuliko kimo chake halisi.

Suala la kuona silipunguzi hata chembe. Macho yapite juu ya kioo, si ndani yake. Ukiwa umeketi kawaida, ukingo uwe chini ya mstari wa macho kwa sentimita tano hivi. Mvua ya usiku ikikutana na taa za gari linalokuja, kioo kilichojaa matone na mikwaruzo kinakuwa ukuta mweupe, na huna kifutio. Jambo jingine la ajabu: kioo kilichopinda kinaweza kukusanya jua la pembeni kama lenzi na kuyeyusha plastiki ya dashibodi pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ukibadilisha pembe, angalia doa la mwanga linaangukia wapi, au uifunike.

Kioo kilichofungwa kwenye usukani, tofauti na kile cha kwenye ganda, kinaugeuza upepo kuwa mkono wa pili wa kuongoza. Kikiwa kikubwa kinaweza kuleta mtikiso wa usukani kwenye mwendo mkubwa au gari kubwa linapokupita. Kila badiliko lijaribiwe kwa kupanda mwendo kidogo kidogo, na ukihisi mbele kunakuwa kwepesi au kunachezacheza, punguza gesi taratibu, usifunge breki kwa hofu, kisha ukirudi uondoe ulichoongeza.

Nimeacha masikio mpaka hapa kwa sababu kioo peke yake hakiyaokoi. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye kilomita 100 kwa saa hupita desibeli 90 kwa urahisi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Kioo kilichopangwa vizuri hupunguza mngurumo, lakini sehemu kubwa ya kelele huingia kutoka chini, shingoni, mahali helmeti inapoishia. Vizibo vya masikio ninavaa hata sasa, na kitambaa cha shingo kilichojaza ule mwanya kilinisaidia kuliko nilivyodhani kitambaa kinaweza kusaidia.

Limebaki suala la abiria, ambalo sijalimaliza. Yeye anaketi nyuma na juu, na tabaka lile ninalolikwepa mimi linazidi kunenepa likielekea kwake. Mdogo wangu alipanda baada ya kioo kukatwa, na tuliposimama akanigonga bega. "Kaka, huko mbele kwako pazuri. Huku nyuma kuna dhoruba." Tulijaribu asogee karibu, mwanya kati ya mgongo wangu na kifua chake ukapungua, na fujo ikapungua kweli. Kile kioo kidogo cha pili, ambacho nami ninacho, nikikiinua alama moja anapata nafuu zaidi, ila mimi napoteza utulivu wangu kidogo. Kwa sasa, akiwa nyuma nakiinua, nampa vizibo vya masikio, na mwendo haupiti 80.